Shoga, mpapase mama yake mgongoni

Chuno, Mtwara
12 Novemba

Shoga yangu Asha,

Asalaam aleikum. Hujambo? Baba Zuhura hajambo? Mguu wa mama umepungua uvimbe? Sisi huku wazima, wasiwasi ni juu yenu tu. Tangu msimu wa korosho uanze simu yako haipatikani, na nikimpigia Baba Zuhura ananiambia "yuko shamba", kisha salio lake linaisha yeye ambaye hakupiga. Nilitaka kukununia. Kununa nimekuahirishia, kwa sababu Fikiri anapanda basi la alfajiri kuja huko na nina shida na wewe. Ni shida ya mbwa. Usicheke, na usimsomee Baba Zuhura mpaka umalize mwenyewe.

Unamkumbuka yule mtoto wa mbwa uliyenipa, tukamtia kwenye kikapu na kumfunika kanga ili kondakta asimwone? Alinyamaza kimya kutoka kwenu, tukaipita Masasi kimya, tulipofika Ndanda akafumbua mdomo na basi zima likageuka. Mpaka leo Fadhili anasema alikuwa anawasalimia kwao, ati babake ni mbwa wa wale mapadri wa Kijerumani. Mimi nikamwambia mapadri wako Ndanda tangu 1906, kama kila mbwa mwenye masikio ya kusimama ni wao basi wilaya nzima ingekuwa inabweka Kijerumani. Na isitoshe la huyu linalosimama ni sikio moja tu. La kulia limesimama, la kushoto limelala, na akiitwa jina hulisimamisha hilo la kushoto kidogo halafu analiachia tena.

Jina lake, kama hukusikia, ni Watasema. Lilitolewa na Bi Tatu, mama mkwe, siku nilipomshusha kwenye bajaji. Alisimama mlangoni akasema, "Mbwa? Katika nyumba hii? Watu watasema." Basi.

Sasa sikiliza. Kuna bwana mmoja anaishi Shangani, nyumba ya geti, kazi yake siijui. Watu wanasema mambo ya gesi, lakini hapa Mtwara mtu yeyote mwenye geti anasemwa ni mambo ya gesi. Alikuja kwa Fadhili kuulizia korosho za kubangua, akamwona Watasema amelala chini ya simtanki, kwenye shimo lake alilojichimbia. Akachuchumaa, akampapasa mgongoni, akapiga kelele kana kwamba ameokota pochi: "Huyu Rijibeki! Huyu ni Rijibeki kabisa!" Anataka kumnunua laki tatu taslimu. Nikakataa. Akasema basi tumwazime tu, yeye ana jike la aina hiyohiyo, likipata joto Watasema akae kwake siku chache, na watoto wakizaliwa tuchague mmoja.

Fadhili hajalala vizuri tangu siku hiyo. Deni la salfa ya kupulizia mikorosho unalijua. Kila nikigeuka usiku namsikia, "Laki tatu, Somoe. Mbwa koko." Nikimuuliza kama ni mbwa koko kwa nini mtu atoe laki tatu, ananyamaza, halafu baada ya muda anaanza upya.

Kinachowatia watu wazimu ni huo mgongo. Nikueleze vizuri maana ulipomtoa alikuwa bado manyoya ya kitoto. Kuanzia katikati ya mabega nywele zinageuka. Hazielekei mkiani kama za mbwa wengine, zinaelekea kichwani. Ni mstari mwembamba, upana wa kidole cha shahada, rangi imekolea kuliko mwili. Mwanzoni mwake, upande wa kushoto tu, kuna mahali nywele zimejizungusha. Ukipitisha kiganja kutoka shingoni zinakukwaruza. Mstari wenyewe hauendi mbali, unaishia katikati ya mgongo, hapo nywele zinarudi kulala kawaida. Nimeushika mara nyingi sana wiki hii, mpaka mwenyewe Watasema amechoka, nikinyoosha mkono anahama.

Mtaa mzima una maoni. Mzee Chilumba anasema hiyo ni mbegu ya Wazungu wa karanga, wale Waingereza waliokuja huko kwenu Nachingwea baada ya vita na matrekta yao, wakatujengea bandari na reli, kisha karanga zikawashinda wakaondoka. Reli yenyewe iling'olewa, ila kwa Mzee Chilumba mbwa wao wamebaki wanazaana mpaka leo. Mwalimu Njovu yeye anasema hapana, hao walikuja na wapiganaji wa Frelimo, wale wapigania uhuru wa Msumbiji, si walikuwa na kambi huko huko kwenu? Fundi baiskeli anaapa kuna fisi humo ndani. Nilimwambia fisi na mbwa hawazai, si jamii moja hata kidogo, akanijibu, "Wewe ulikuwepo?" Ndiyo akili za kijiweni hizo.

Nikaona nimtafute Hamisi wetu wa SUA, kile chuo cha kilimo cha Morogoro. Nikamtumia picha, naye akanijibu kwa sauti, unajua anavyoongea, nimeisikiliza nikimaliza kusonga ugali na kula na kuosha vyombo bado anaendelea. Lakini kuna mambo aliyonieleza yamenikaa.

La kwanza, huyo Rijibeki mwenyewe, Ridgeback kwa Kiingereza. Anasema mbwa wenye nywele za mgongoni zilizogeuka walikuwa kwa Wakhoikhoi kusini mwa Afrika kabla hawajaja walowezi. Walowezi wakaja na mbwa wao wakubwa, wakachanganya, wakapata mbwa wa kuwindia simba, halafu 1922 wakakaa kikao Bulawayo wakaandika kwamba mbwa wa aina hii awe hivi na hivi. Kwa hiyo huo mstari haukuletwa na Mzungu, Mzungu aliukuta. Nilipomweleza yule bwana wa Shangani alicheka, akasema lakini karatasi zimeandikwa na Mzungu. Ni kweli, na laki tatu nazo zinafuata karatasi.

La pili ndilo linaloninyima usingizi mimi, Fadhili ana lake. Hamisi anasema mstari huo mtoto anaupata hata akiurithi kwa mzazi mmoja tu. Sasa mkikutanisha dume mwenye mstari na jike mwenye mstari, baadhi ya watoto wanaurithi pande zote mbili, na hao ndio walio hatarini zaidi kuzaliwa na kitundu kwenye ngozi, juu ya uti wa mgongo, mrija mwembamba unaoingia ndani, wakati mwingine mpaka kwenye uti wenyewe. Unakusanya uchafu, unatunga usaha, dawa yake ni upasuaji. Nikamuuliza Hamisi, mbwa apasuliwe mgongo na nani hapa? Akaguna. Na jike la bwana yule, shoga, nimelifuata mpaka getini nikaliona: mstari kutoka mabegani mpaka kiunoni, umenyooka, na nywele zimezunguka pande mbili, sawa kwa sawa.

Basi hapo ndipo ninapokuhitaji. Nataka kujua kama wa Watasema ni mstari wa kweli, wa kurithi, au ni nywele zake tu zimelala vibaya. Mama yake unaye. Ndugu zake wawili si mlibaki nao, yule wa kiwandani na yule aliyechukuliwa na shemeji yako? Wapapase. Anzia shingoni uteremke, usianzie mkiani, utadanganyika.

Hamisi alinionya kitu kingine kuhusu hilo. Kuangalia mbwa kwa macho ukasema huyu ni nusu hiki robo kile, hata wataalamu wanakosea. Alinihadithia Wamarekani wawili, Scott na Fuller, waliotoa kitabu mwaka 1965 baada ya miaka mingi ya kuzalisha mbwa. Walimchanganya Basenji wa Kongo na mbwa wa Kizungu wa masikio marefu yanayoning'inia. Kufika kwa wajukuu, walitoka mbwa wa kila namna, wengine hawafanani na babu wala bibi. Sasa Mzee Chilumba anatazama sikio moja anajenga reli nzima.

Na wanawe wakiwa tofauti msishangae. Anasema mimba moja ya mbwa inaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, kila mtoto na wake. Nikakumbuka ule msururu wa madume nyuma ya mashine yenu ya kusaga, mama mtu akiwa na joto, Baba Zuhura anawarushia maganda ya muhogo. Kwa hiyo hata ndugu zake wakiwa hawana mstari bado haijathibitisha kitu. Ila mama yake akiwa nao, hapo nina jibu.

Kuna vipimo vya mate siku hizi, unapangusa shavu la mbwa kwa pamba unatuma Marekani. Lakini wanalinganisha na mbegu walizonazo kwenye hazina yao, na nyingi ni za Kizungu, mbwa wa kwetu anaweza kurudishiwa majibu ya ajabu. Na bei yake Fadhili akiisikia atahama nyumba. Mkono wako ni bure.

Nikuchekeshe kidogo na vituko vyake. Havuki kamba. Kamba yoyote ikilala chini, hata uzi wa kufungia kuku, anazunguka ua mzima kuikwepa. Habweki ovyo, anatoa sauti ya kuguna inayopanda na kushuka, mgeni anadhani kuna mtu anaumwa ndani. (Basenji nao hawabweki, ndiyo maana Hamisi alisitasita kidogo hapo.) Shambani Nanguruwe ngedere wakija hawafukuzi, anakaa chini ya mkorosho anawatazama tu, lakini nguruwe pori akisogea kwenye muhogo usiku hapo utamsikia. Akiokota bibo analila lote, korosho anaiacha bila kuitia jino, na asubuhi unazikuta zimebaki pale pale. Fadhili anazihesabu kwenye mavuno.

Na anaiba ndara za mguu wa kushoto. Za kushoto tu! Hazitafuni, anazilamba, anazipanga shimoni kwake. Masikini Bi Tatu kila akiipata yake anaiosha mara saba, mojawapo kwa udongo, ananiangalia huku anaosha. Nilidhani atanitaka nimtoe. Lakini juzi Fadhili alipotaja tena laki tatu, Bi Tatu ndiye aliyesema, "Mbwa wa ulinzi hana ubaya, wacha akae nje huko huko." Kisha akaenda kuosha ndara.

Fadhili anasema vituko vyote hivyo ni damu ya mama yake, yaani damu ya kwenu, na anasema hivyo kwa maana mbaya. Mjibu mwenyewe. Mimi Hamisi amenipa silaha: mwaka 2022 walitoa utafiti wa mbwa zaidi ya 18,000, wakakuta aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Zilizobaki zinatokana na mengine. Kwa hiyo mambo ya kamba na ndara ni ya Watasema binafsi, kwenu msisingiziwe.

Nirudi kwenye mgongo kabla taa haijazimika. Yule bwana anakuja Jumamosi kuchukua jibu. Mimi nimeshaamua kumuuza simuuzi. Hili la kumwazima ndilo linalonitatiza, kwa sababu ni mtu mwema, jike lake amelitunza, na Fadhili ameshaanza kuhesabu bei ya mtoto mmoja tutakayempata. Siwezi kumkatalia mtu kwa maneno ya Hamisi peke yake. Na nikimkubalia, halafu wazaliwe watoto wenye usaha mgongoni, nitalala vipi?

Kwa hiyo nijibu haya, shoga, hata kwa kipande cha karatasi, Fikiri anageuza Ijumaa. Mama yake ana mstari au hana? Kama anao, umefika wapi, na nywele zimezunguka upande mmoja au pande mbili? Anapata joto mara moja kwa mwaka au mara mbili? (Hamisi ndiye anayeuliza, Basenji jike hupata mara moja.) Hubweka au huguna? Yule dume mwekundu wa nyuma ya mashine alikuwa wa nani hasa, na mgongo wake uliwahi kuuona? Kati ya watoto wote wa mimba ile kuna aliyezaliwa na kidonda au kitundu shingoni akafa mkanyamaza? Usinifiche. Na mbwa wenu mmewachanja kichaa mwaka huu, au mnasubiri mpaka aume mtu? Wetu tumemchanja, cheti kipo.

Mengine tutaongea ukipatikana. Korosho zenu zimepangwa daraja gani? Zuhura kapata matokeo? Ule mkeka wangu upo au umeshaukalia?

Nisalimie wote. Fikiri nimempa samaki wa kukaanga nusu ndoo, ukikuta wamepungua muulize yeye.

Wako,
Somoe

Nyingine: Fadhili amesoma juu ya bega langu, anasema niandike kwamba kama mama yake Watasema ana mstari na yeye, mnamuuza shilingi ngapi.