Vijiwe vyeupe vya kooni: namna ya kuvitoa nyumbani bila kujiumiza

Mara nyingi mteja husubiri wengine waondoke kwenye kaunta ya duka letu la dawa ndipo asogee na kutueleza kwa sauti ya chini kwamba amekohoa kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele, na kwamba alipokiminya kilitoa harufu mbaya sana. Wengi huwa wameshafikia uamuzi kabla ya kutufikia: mmoja anaamini ni usaha, mwingine anahofia saratani, mwingine anaomba amoksilini, yaani antibayotiki (dawa ya kuua bakteria), ya siku tano. Kwa kawaida hivyo ni vijiwe vya tonsili. Havimwambukizi mtu, havigeuki kuwa saratani, na watu wazima wengi wanaweza kuvitoa nyumbani bila dawa yoyote ya kumeza, mradi wajue mahali pa kuishia.

Tonsili ni vile vinofu viwili vilivyokaa huku na huku nyuma ya ulimi, ambavyo wengi wetu huviita matonsesi au mafindofindo, hasa vinapovimba. Uso wake una vishimo vinavyoingia ndani, na humo hunasa mabaki ya chakula, seli zilizokufa, makamasi na bakteria. Bakteria wanaoishi mahali pasipofikiwa na hewa huyaozesha mabaki hayo na kutoa gesi zenye salfa, ambazo ni za jamii moja na harufu ya yai viza. Kisha madini ya kalisiamu hujikusanya juu yake na kuyagandisha, kama ugaga unavyoganda kwenye meno. Kutokana na maelezo hayo mteja ataelewa kwa nini hatumpi antibayotiki kwa tatizo hili. Dawa haiyeyushi kipande kilichokwisha kuganda, na hata bakteria wakipungua kwa wiki moja, kishimo kinabaki palepale kikisubiri mabaki mengine. Wapo walioondoka wamekasirika kwa sababu tumekataa kuwauzia bila cheti cha daktari, lakini hatujabadili msimamo huo.

Njia ya kwanza, na kwa watu wengi inatosha, ni maji ya chumvi. Koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja ya maji vuguvugu, piga funda, inamisha kichwa nyuma na utoe pumzi taratibu ili maji yachezecheze kooni kwa muda wa nusu dakika, kisha uteme. Rudia mpaka glasi iishe, asubuhi na usiku, hasa baada ya chakula. Kijiwe kinaweza kutoka siku hiyohiyo au baada ya siku kadhaa, wakati mwingine mtu anapokohoa tu au anapopiga mswaki. Ukikimeza bila kujua, usiwe na wasiwasi, kwa kuwa tumbo hukishughulikia kama linavyoshughulikia chakula.

Ikiwa kijiwe kinaonekana waziwazi na maji ya chumvi hayajakitoa, mtu mzima anaweza kukisaidia kwa kijiti cha pamba, ambacho wengi hukitumia masikioni. Nawa mikono kwa sabuni, simama mbele ya kioo penye mwanga mzuri au umwombe mtu akumulikie kwa tochi ya simu, na usifanye hivyo mara tu baada ya kula, maana koo likiguswa huleta kichefuchefu. Lowesha pamba kwa maji safi, kisha bonyeza kwa upole nyama iliyo pembeni au chini ya kijiwe ili kijitokeze chenyewe. Usikichokonoe wala usiingize kijiti ndani ya kishimo. Kikishajitokeza, inama mbele uteme ili kisiteleze kuelekea kwenye njia ya hewa. Ukijaribu mara mbili au tatu kisitoke, acha, urudi kwenye maji ya chumvi. Kuendelea kukazana mpaka damu itoke ndilo kosa tunaloliona zaidi, na kidonda kinachobaki humsumbua mtu kuliko kijiwe chenyewe.

Njiti ya kiberiti, kijiti cha kuchokolea meno, pini ya nywele, kifuniko cha kalamu na ukucha visiingie kooni kabisa. Tonsili hulishwa na matawi ya mishipa kadhaa ya damu, kwa hiyo mchubuko unaoonekana mdogo unaweza kuvuja sana, na nyuma yake, si mbali, unapita mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. Mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye tatizo la damu kutoganda, aishie kwenye maji ya chumvi tu. Mtoto pia asichokonolewe koo, hata kwa pamba, kwa sababu anaweza kushtuka na kugeuza kichwa ghafla.

Lipo jambo jingine linalotuumiza moyo zaidi. Kijiwe humpa mtu hisia kwamba kuna kitu kimekwama kooni, na katika sehemu nyingi za Tanzania mwenye hisia hiyo, au mwenye kikohozi kisichokwisha, huambiwa kwamba kimeo chake kimerefuka na kinapaswa kukatwa. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo, nacho hakihusiki na vijiwe hivi. Kukikata kwa kifaa kisichotakaswa kumewasababishia watu kuvuja damu, kupata maambukizi, hata pepopunda, na baada ya yote hayo kijiwe kinabaki kwenye tonsili kilipokuwa. Tunamwomba kila mzazi anayefikiria kumpeleka mtoto kwa mkata kimeo apite kwanza katika kituo cha afya.

Ili vijiwe visirudi upesi, kunywa maji ya kutosha, safisha ulimi mpaka nyuma unapopiga mswaki, na sukutua baada ya kula. Harufu ikiendelea ingawa vijiwe vimetoka, muone daktari wa meno, kwa sababu harufu mbaya ya kinywa mara nyingi hutokana na ulimi na fizi, si tumbo kama wengi wanavyoambiwa.

Nenda hospitali bila kusubiri ikiwa una homa na maumivu makali ya upande mmoja, ikiwa kinywa hakifunguki vizuri au mate hayamezeki, na ikiwa damu haijakoma baada ya dakika 10. Tonsili moja iliyo kubwa kuliko nyenzake, uvimbe shingoni, au kidonda cha kooni kilichopita wiki 3 bila kupona vinahitaji kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo, hata kama havina maumivu. Daktari huyohuyo ndiye atakayeamua, kwa yule ambaye vijiwe vinamrudia kila mara na kumnyima raha, kama tonsili ziondolewe kwa upasuaji; mtu mzima huchukua takriban wiki 2 kupona, na siku za mwanzo kumeza huwa na maumivu makali. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, aje na cheti chake, nasi tutakaa naye kupanga saa za dawa za maumivu ili aweze kula na kunywa.