Yah: Kufunga shule, na rejista ya mwaka 1978

Ndugu wazazi na walezi,

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Poleni na majukumu ya mwaka mzima.

Ijumaa hii watoto wetu wanafunga shule kwa likizo ya Desemba. Kila mmoja atakuja na ripoti yake. Isomeni naye, muisaini, airudishe Januari. Tarehe ya kufungua imeandikwa chini kabisa ya ripoti. Akina mama mliokesha kwenye masufuria ya pilau, na akina baba mliobeba madawati kutoka madarasani hadi uwanjani na kuyarudisha, ahsanteni sana.

Sasa niruhusuni niseme lililonijaa moyoni tangu Jumamosi ya sherehe yetu.

Rejista ya walioanza darasa la kwanza hapa mwaka 1978 tuliikuta stoo, chini ya mabati chakavu. Pembe yake ya juu imeliwa na mchwa. Wino wa buluu umefifia, lakini mwandiko ni wa mtu aliyejali kazi yake: jina la mtoto, umri, jina la mzazi, kazi ya mzazi, alikotoka. Nilisoma ukurasa wa kwanza nikiwa nimesimama, wa pili nikaketi. Mkata mkonge. Mkata mkonge. Mvuvi. Mkata mkonge. Fundi cherehani. Na walikotoka: Kigoma, Iringa, Songea, Mtwara, Handeni. Mji wa Tanga husemwa kuwa ni wa waja leo waondoka leo. Hawa walikuja manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, wakabaki, na majina yao ya ukoo nayaita kila asubuhi ninapoita mahudhurio.

Jumamosi tuliiweka mezani chini ya mwembe ili kila mtu ajitafute. Babu mmoja wa hapa kijijini alipitisha kidole mstari kwa mstari mpaka kikasimama. Jina lake, umri miaka 11, darasa la kwanza. Hakusema kitu. Alimwita mjukuu wake wa darasa la pili, akakishika kidole cha mtoto na kukiweka pale pale.

Watoto waliuliza kwa nini mtu wa miaka 11 aanze darasa la kwanza, na swali hilo ni zuri. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Waliokuwa wamechelewa wakaletwa pamoja na wadogo zao. Walimu hawakutosha, ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundisha huku wenyewe wakisomea ualimu kwa masomo ya posta na ya redio. Walimu hao wa UPE, yaani mpango huo wa Elimu ya Msingi kwa Wote, walidharauliwa sana. Mimi nilifundishwa kusoma na mmoja wao, na leo mimi ni mwalimu mkuu.

Darasa la tano walituonyesha historia ya mkonge. Waliweka mezani vipande 62 vya kamba, kwa sababu mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alipoagiza miche ya mkonge kutoka Florida, katika miche 1,000 iliyobaki hai ilikuwa 62 tu. Ukaanzia hapo Pangani, ukafunika mkoa. Mtoto aliyekuwa akieleza alimalizia kwa kusema, "Na babu yangu akaja kuukata." Wazee wakapiga makofi kabla hajakaa.

Kengele mnaijua, kile kipande cha reli kinachoning'inia kwenye mwembe. Wengi wetu tumeamshwa nacho bila kujiuliza kimetoka wapi. Njia ya reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896 na Moshi 1911. Kipande chetu kiliokotwa kando ya njia hiyo, ndivyo wazee wanavyosimulia. Tulimpa yule babu nyundo akapiga ya kufunga sherehe. Alipiga mara tatu, kama zamani.

Nina maombi mawili, na nayaomba kwa dhati.

La kwanza, Januari tunaandikisha darasa la kwanza. Njooni na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Na mkiulizwa kazi ya mzazi, msiseme "biashara" tu ili foleni isogee. Mama anayekaanga samaki tutamwandika mkaanga samaki. Dereva wa bodaboda tutamwandika hivyo hivyo. Kuna mtoto atakayekuja kumtafuta.

La pili linahusu ile pembe iliyoliwa na mchwa. Ilikuwa na mistari tisa. Jumamosi, kwa kukumbushana na kubishana kidogo, wazee wamerudisha majina matano, likiwemo la binti mmoja aliyefariki akiwa bado mwanafunzi. Dada yake ndiye aliyelitaja, akaomba aliandike yeye mwenyewe. Majina yote tunayanakili kwenye daftari jipya lenye jalada gumu, na ile ya zamani imefungwa kwa kitambaa ndani ya kabati la chuma ofisini.

Mistari minne tumeiacha wazi. Kama yupo nyumbani kwenu, au jirani, anayekumbuka nani alianza darasa la kwanza hapa mwaka 1978, mleteni. Asiyeweza kutembea nitamfuata mimi. Ofisi itakuwa wazi hadi saa nane mchana, Ijumaa na wiki nzima inayofuata.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu
Tanga