Dau la poka lipimwe kwa kiti na karata za mezani

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wanaocheza poka ya Texas Hold'em, ambamo kila mtu hushika karata mbili za siri na wote hutumia tano za mezani, kosa linalowamalizia fedha: wanapima dau kwa karata mbili walizoshika. Zikiwa nzuri wanatia kubwa, zikiwa mbovu wanatia dogo, na baada ya mizunguko michache wenzao wote wameshawasoma. Dau lipimwe kwanza kwa kiti, kisha kwa karata tatu zinazofunuliwa mezani.

Karata hizo zikishafunuliwa, mwenye kitufe cha mgawaji (alama ya zamu ya kugawa) husema mwisho; walioweka madau ya lazima, dogo na kubwa, husema mwanzo. Wa mwisho ameshaona wenzake wamefanya nini, na wakipita wote (bila kutia dau wala kutupa karata) naye anaweza kupita akaiona karata ya nne bure. Wa mwanzo hana uhuru huo. Kwa hiyo apite mara nyingi zaidi, hata akiwa na karata nzuri, maana anayepita akiwa na mbovu tu hujitangaza.

Sasa meza. Tuseme umepandisha dau ukiwa na kitufe, kabla ya karata za mezani, amekufuata mwenye dau kubwa la lazima peke yake, na kitita (fedha zote zinazogombewa) kina shilingi 600. Zimefunuliwa mfalme, 7 na 2, kila moja aina yake. Hiyo ni meza kavu, yaani karata zake hazikaribiani wala hazilingani aina. Mtu mwenye karata mbili zisizo jozi hukosa jozi hapo karibu mara mbili katika kila tatu. Tia 200. Hata ukiwa mtupu, dau hilo likimfanya atupe karata mara moja kati ya nne limerudisha gharama yake. Ukitia 600, wanyonge watatupa karata vilevile, na atakayebaki ni yule aliyekuzidi. Tena iwe 200 ukiwa na jozi ya ree, na iwe 200 ukiwa huna kitu.

Zikifunuliwa 10, 9 na 8, mbili zikiwa kopa (aina yenye alama ya moyo), mambo yamegeuka. Aliyelinda dau lake la lazima huingia kwa bei nafuu na karata kama 7 na 6 (anapata tano mfululizo), au 10 na 9 (jozi mbili), na meza hii inampenda yeye. Pita mara nyingi. Ukiamua kutia, tia 400, na sababu ni hesabu. Mwenye kopa mbili mkononi anasubiri moja zaidi zitimie tano, na zimebaki kopa 9 kati ya karata 47 asizoziona, yaani asilimia 19 kwa karata inayofuata. Ukitia 200, atalipa 200 kugombea 800. Anahitaji nafasi ya kushinda ya asilimia 20 (200 kati ya 1,000), karibu sawasawa na nafasi aliyo nayo, na kopa ikija atakutoza zaidi. Ukitia 400 anahitaji karibu asilimia 29, na akifuata kwa kutegemea karata ya nne tu amelipa ghali.

Wengi hudhani basi kopa zikiwa tatu mezani dau liongezwe zaidi. Sivyo. Dau kubwa hapo hufuatwa na wenye kopa tu. Theluthi ya kitita inatosha.

Hesabu hizi ni za mpinzani mmoja. Wakiwa watatu, nafasi ya wote kukosa jozi kwenye meza kavu hushuka hadi karibu asilimia 30, kabla ya kuhesabu walioingia na jozi mkononi. Hapo asiye na karata apite.

Msomaji wako,
Mombasa