Risala ya wanachuo wa stashahada ya ualimu wa sekondari, somo la baiolojia, kwa mgeni rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mkuu wa Chuo,
Wakufunzi wetu wapendwa,
Wazazi na walezi mliotoka Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na kwingineko,
Wanachuo wenzetu,
Mabibi na mabwana.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu, kwani tunajua majukumu yako ni mengi. Karibu sana Dodoma, na karibu chuoni kwetu. Kwa wenyeji wetu tunasema, mbukwenyi!

Ndugu Mgeni Rasmi, sisi ni wanachuo wa mwaka wa pili tunaosomea kufundisha baiolojia. Wengi wetu tulimaliza kidato cha sita kwa tahasusi za PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na CBG (kemia, baiolojia na jiografia), na tulipofika hapa tuliamini kwamba aliyefaulu baiolojia anaweza kuifundisha. Wakufunzi wetu hawakubishana na sisi. Walitufundisha kuandaa azimio la kazi, andalio la somo na zana, kisha wakatupeleka kwenye mazoezi ya kufundisha, BTP kama tulivyozoea kuita, ili tukajionee wenyewe. Tumejionea, na hayo ndiyo tunayotaka kukueleza leo.

Mwenzetu mmoja alipangiwa kidato cha pili, mada ya osmosisi, yaani jinsi maji yanavyopenya utando wa seli. Aliandika maana yake ubaoni kwa Kiingereza safi, akaisoma mara mbili, kisha akauliza nani hajaelewa. Darasa zima kimya. Watoto hawa walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka yote, na sekondari wamekutana na lugha ngeni na somo geni kwa wakati mmoja. Siku ya pili alikuja na kisu, sahani, nyanya, tango na chumvi. Alikata kachumbari mbele yao, akainyunyizia chumvi, akaiacha mezani na kuendelea na kipindi. Baada ya dakika 10 hivi sahani ilikuwa imejaa maji. Akauliza maji yametoka wapi, wakati hakuna aliyeyamimina. Kijana wa dawati la nyuma akasimama akasema, "Mwalimu, chumvi imeyaita." Hapo ndipo mwenzetu alipoandika tena lile neno ubaoni, na safari hii lilikuwa na mahali pa kukaa. Tangu siku hiyo kundi letu lote tunaanza na kitu, jina linafuata. Mtaala ulioboreshwa unamtaka mwanafunzi atende. Kwa hiyo tunaamini tumo kwenye njia sahihi.

Ndugu Mgeni Rasmi, mara nyingi tunasikia mkoa wetu ukisemwa kwa ukame na vumbi lake. Kwa mwalimu wa baiolojia, mkoa huu una utajiri mkubwa. Ua la mbuyu hufunguka jioni, popo huja kunywa nekta usiku, na kesho yake ua huanguka. Asubuhi wanafunzi huliokota chini ya mti, wakalipasua na kuzihesabu sehemu zake, na uchavushaji ukaeleweka bila hata picha ya kitabuni. Kwenye mada ya urithi tunao ng'ombe wa Mpwapwa, waliopatikana kituo cha utafiti cha hapo hapo Mpwapwa kwa kuchanganya zebu wetu wa asili na ng'ombe kutoka Asia, wakiwemo Sahiwal na Red Sindhi, ili wapatikane wanaotoa maziwa zaidi na bado wanastahimili nchi kavu. Mtoto anayechunga ng'ombe kila Jumamosi anaelewa upesi, na mara nyingine anamweleza mwalimu asichokijua.

Kuna somo moja ambalo hatuwezi kulipitia haraka. Mwaka 2016 sumukuvu iliwashika watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Zaidi ya watu 60 waliugua na 20 wakafariki, kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Vitabu vya himaya ya kuvu huanza na uyoga na ukungu wa mkate, lakini kuvu aitwaye Aspergillus flavus huota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri, na sumu yake hushambulia ini. Kupika hakuiondoi. Dada mmoja wa kundi letu alipofundisha mada hii, mwanafunzi alimuuliza kama ugali wa mahindi hayo ukiiva sana sumu haifi. Nyumbani, alisema, mahindi yenye ukungu huoshwa kisha husagwa. Dada yetu aliacha andalio lake pale pale, akatumia kipindi kizima kueleza kukausha, kuchambua na kuhifadhi. Mkufunzi aliyekuja kumkagua hakumpunguzia alama, na tunamshukuru kwa hilo. Tunaomba tukumbuke kwamba kile kipindi kilikwenda nyumbani na yule mtoto, mpaka jikoni kwa mama yake.

Ndugu Mgeni Rasmi, nyanya, ua la mbuyu na ng'ombe vimetufikisha mbali, lakini vinaishia mlangoni mwa seli. Seli haionekani kwa macho, na hakuna kitu cha sokoni kinachoweza kukaa mahali pake. Hapo panahitaji hadubini.

Mimi ninayesoma risala hii nilipangiwa shule yenye hadubini moja. Ilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo alikuwa nao mwalimu aliyekwisha kuhama. Siku tisa zilipita kabla ya mlango kufunguliwa. Nilifuta vumbi la lenzi kwa kitambaa laini na kukuta kioo chake cha kuakisi mwanga bado kizima, na hilo lilinifurahisha sana kwa sababu darasa halikuwa na umeme. Nilimenya ngozi nyembamba ya kitunguu, nikaiweka kwenye kipande cha kioo, nikadondosha tone moja la iodini niliyoinunua duka la dawa, nikasogeza meza dirishani. Niliwaonya kwanza kwamba kioo kinaelekezwa kwenye mwanga wa anga na kamwe si kwenye jua lenyewe, kwa maana jua likipita kwenye lenzi linaharibu jicho. Kisha wakapanga foleni, wanafunzi 62.

Msichana mmoja aliinama, akafumba jicho la kushoto kwa kiganja, akakaa kimya muda mrefu kuliko wenzake. Alipoinuka alisema, "Mwalimu, ni kama mkeka." Akanitazama, akauliza, "Na mimi nimesukwa hivi?" Nikamjibu ndiyo, na yeye ameundwa kwa seli, ila za kwake hazina ukuta kama za kitunguu. Aliutazama mkono wake akirudi kwenye dawati.

Vipindi viwili, dakika 80, viliisha wanafunzi 20 wakiwa bado hawajaona. Wiki iliyofuata hadubini ilihitajika darasa jingine, na hao 20 wakachora seli kwa kunakili mchoro wangu wa chaki. Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke aliiona seli na kuichora kwa alichokiona, katika kitabu alichokitoa mwaka 1665. Watoto wangu 20 walichora nilichokiona mimi. Hilo linaniuma hadi leo.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu kubwa kwako ni hadubini 10 za kutumia kioo, zisizohitaji umeme. Tungependa ziwe mali ya chuo, kila kundi la BTP liondoke na yake na kuirudisha likimaliza, ili wanaokuja nyuma yetu wasisubiri ufunguo wa mtu. Tunaomba pia kemikali za kupimia vyakula, hasa mchanganyiko wa Benedict wa kupimia sukari, kwa kuwa huo haupatikani duka la dawa kama iodini. Sisi wenyewe tumeshachanga. Tumenunua vipande vya kioo vya kuwekea vielelezo, na wenzetu wawili wanaojua useremala wameanza kutengeneza masanduku ya kusafirishia hadubini. La kwanza lipo pale mbele ya meza yako, tunaomba ulione kabla hujaondoka.

Tunawashukuru wakufunzi wetu waliotufuata hadi shule za mbali kwa bodaboda, na walimu wa shule hizo waliotupa madarasa yao na uvumilivu wao. Tunawashukuru wazazi wetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Imesomwa kwa niaba ya wanachuo wa baiolojia, mwaka wa pili,
Dodoma.