Risala ya Klabu ya Fizikia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi Shuleni, Wilaya ya Busia, Uganda

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ofisa Elimu wa Wilaya, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi mliotoka Majanji, mjini Busia na ng'ambo ya mpaka, wanafunzi wenzetu: shikamooni, na karibuni sana.

Tumeomba ruhusa ya kusoma risala hii kwa Kiswahili ili mama anayeuza mukene, yaani dagaa, sokoni na baba anayeendesha lori wafuate kila neno sawasawa na mwalimu wa fizikia. Mengi tutakayosema tumeyatoa kwao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba kwanza utazame chini, mbele ya viatu vyako. Saa hii jua likiwa utosini, madoa ya mwanga yaliyotapakaa kwenye kivuli cha mwembe huu ni ya mviringo, ingawa nafasi zilizo kati ya majani zina maumbo ya kila namna. Kila doa ni picha ya jua. Tumekula mihogo chini ya mti huu kwa miaka miwili bila kulijua hilo. Jua linapopatwa, madoa haya hugeuka kuwa hilali ndogondogo, mamia kwa mamia. Tarehe 3 Novemba 2013, watu walipomiminika Pakwach kulishuhudia jua likifunikwa lote, wengi wetu tulikuwa bado tunabebwa mgongoni. Tunasikitika kwamba hatukuyaona.

Ni mwembe huu uliotufundisha kulipima jua. Tulitoboa karatasi ya alumini kwa ncha ya sindano, tukaibandika mwisho mmoja wa mrija wa mita 2 tuliouunda kwa maboksi ya sabuni, na mwisho wa pili tukaweka karatasi nyeupe. Ubavuni, karibu na karatasi hiyo, tulikata kidirisha cha kuchungulia, maana jua halitazamwi kwa macho matupu hata kwa sekunde moja. Picha ya jua ilitokea pale, duara dogo tulivu. Kundi la kwanza lilipima milimita 19, la pili 18, la tatu 20. Tukachukua 19, tukagawa kwa 2,000, yaani urefu wa mrija kwa milimita, tukazidisha kwa kilomita milioni 150 zilizopo kati yetu na jua. Jibu: kilomita 1,425,000 kutoka ukingo mmoja wa jua hadi mwingine. Vitabuni ni takriban 1,390,000. Mwenzetu wa kidato cha pili ndiye aliyegundua kwa nini jibu letu lilipita la vitabuni: tundu la sindano lenyewe lina upana, nao umejiongeza kwenye picha. Hatukuwahi kushangilia jibu la hesabu namna ile.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baadhi yetu tulihamia hapa kutoka shule ambako maabara ilifunguliwa mwezi wa mtihani tu. Tulikariri kwamba mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu, tukapewa alama zetu. Lakini mwalimu wetu alipouliza siku ya kwanza, "Unaonaje mti ule?", wengi tuliandika kwamba jicho hutoa kitu kinachoufikia mti. Hakutucheka. Alitueleza kwamba wataalamu wakubwa wa zamani waliamini hivyohivyo, hadi Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi yake Cairo takriban miaka 1,000 iliyopita, alipoonyesha kwamba ni mwanga unaoingia jichoni. Alitumia chumba cha giza. Basi mwalimu akasema nasi tutengeneze chumba cha giza.

Tuliziba madirisha ya stoo ya zamani kwa magunia na maboksi, tukaacha tundu moja la ukubwa wa sarafu upande wa barabara. Dakika chache hatukuona kitu. Macho yalipozoea, mtu akapiga kelele: ukutani kulikuwa na barabara nzima, mbingu ikiwa chini na lami juu. Bodaboda zilipita magurudumu juu. Lori lililokuwa likienda Bugiri, ukutani lilikuwa likirudi mpakani. Hapo ndipo tulipoelewa, bila kuambiwa, kwamba mwali wa mwanga wa kutoka juu ya lori ukipita tunduni hauna pa kwenda ila chini, na wa kulia lazima uangukie kushoto. Tulipopunguza tundu, picha ikawa kali zaidi lakini hafifu; tulipolipanua, ikang'aa na kuwa ukungu. Swali likazuka lenyewe: je, jichoni mwetu picha haipinduki? Hupinduka kweli, na ubongo ndio unaoisoma sawasawa.

Jaribio la pili ni la bakuli. Weka sarafu ya shilingi 500 ndani ya bakuli, rudi nyuma mpaka ukingo uifiche, kisha mwenzako amwage maji polepole. Sarafu inapanda, unaiona tena, ilhali hakuna aliyeigusa. Mwali unapotoka majini kuingia hewani hupinda, na jicho hudhani umekuja moja kwa moja. Maji ya kina cha sentimita 20 yalionekana kama ya 15. Mwenzetu mmoja alipoisimulia nyumbani, babu yake, aliyekuwa akiwachoma samaki aina ya kamongo kwa mkuki vinamasini, alimwambia: "Sisi tulilenga chini ya pale tunapomwona." Tulimwalika mzee huyo darasani. Alikaa mbele, akatueleza kwa mikono yake anavyokadiria kina, nasi tukachora miali yake ubaoni. Leo yuko hapa, safu ya pili. Tunamshukuru sana, na tunaona fahari kwamba elimu yake imeingia katika madaftari yetu.

Utaona pia mezani chupa ya maji iliyotobolewa ubavuni. Ukimulika tochi kutoka upande wa pili, mwanga hufuata mchirizi unaopinda hadi kiganjani, kwa sababu ukigonga ukingo wa maji kwa mlalo wa kutosha, hauwezi kutoka. Nyuzi za kioo zinazoleta intaneti kwetu kutoka nyaya za baharini zilizofika Mombasa mwaka 2009 hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Vioo na pini za kuonyesha uakisi viko pembeni. Hatutachukua muda wako kwa hayo.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unataka mwanafunzi atende. Tunaufurahia. Ila tuseme ukweli: kipindi kimoja hakitoshi. Tukimaliza kuziba madirisha, kengele inalia. Ombi letu la kwanza, ambalo halihitaji fedha, ni fizikia ipewe vipindi viwili mfululizo mara moja kwa wiki. Mwalimu Mkuu ametusikiliza kwa upole. Tunaomba neno lako limtie nguvu.

Pili, tuna vipande vitatu vya kioo kwa darasa zima, na lenzi mbili, moja ikiwa na ufa. Prizimu, kile kipande cha kioo cha pembe tatu kinachotenganisha rangi za mwanga, hatuna; rangi za upinde wa mvua tunazipata kwa kuzamisha kioo kwenye karai la maji juani, na zinatoka vizuri, lakini pembe zake hatuwezi kuzipima. Tunaomba lenzi na prizimu, hata za kuazimana kwa zamu na shule jirani. Na ile stoo, tunaiomba ibaki yetu, ipate mapazia meusi, maana magunia yameliwa na panya.

Wazazi wetu, asanteni kwa maboksi, chupa na karai zilizopotea jikoni. Zote ziko salama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, stoo iko tayari na tundu liko wazi. Tunakuomba uingie, usimame kimya dakika tano mpaka macho yazoee, wakati wazazi wakikupungia mkono kutoka barabarani.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanafunzi wako, Klabu ya Fizikia.