Vijana wasiletwe Oman mwezi wa saba

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyewacheka vijana wanaorudi Zanzibar kutoka Uarabuni kabla mikataba yao haijaisha. Kwa maoni yake, mtoto wa pwani jua halimtishi, na anayesingizia joto ni mvivu aliyeshindwa kazi. Mimi ni fundi wa viyoyozi, mzaliwa wa Unguja. Miaka mingi sasa naishi Adam, mji mdogo wa mkoa wa Dakhiliya, Oman. Naandika Ijumaa jioni, mwisho wa wiki ambayo ningependa ndugu yetu huyo angeipitia nami, juu ya mapaa.

Kwa wasioijua Adam, huku ndiko alikozaliwa Imam Ahmad bin Said, aliyeuanzisha ukoo wa Busaidi, ambao masultani wake walikaa Unguja hadi Januari 1964. Mji uko kusini ya Nizwa, ukingoni kabisa mwa jangwa. Ukizipa mgongo nyumba na mitende yetu ukashika njia ya kusini, ni uwanda wa mawe na mchanga hadi Haima, kisha Thumrait, kisha Salalah. Bahari iko mbali, na upepo unaotoka jangwani unapiga uso kama umefungua tanuri. Wiki hii simu yangu ilianza Jumapili, ambayo huku ni siku ya kazi, kwa kuonyesha nyuzi 46. Jumatatu 47. Tangu hapo mchana haujashuka chini ya 45. Usiku wa manane bado ni 33 au 34. Watu wote wanaangalia namba hizo, wanapigiana picha za skrini na kutumiana kwa ndugu zao Unguja. Namba iliyoandikwa kwa herufi ndogo chini yake, ya unyevu wa hewa, hakuna anayeisoma. Alasiri ilikuwa asilimia 9.

Na hiyo ndiyo inayowahadaa wenzetu.

Joto letu la pwani lina kelele. Januari, msimu wa kaskazi, Darajani ikiwa nyuzi 32, shati limekuganda mgongoni, jasho linaingia machoni, na hata bosi mkali anakuonea huruma kwa kukutazama. Mwili wenyewe unakwambia kaa kitako. Huku jasho linakauka kabla hujaliona. Kijana aliyeteremka ndege juzi anajipapasa shingoni, anajiona mkavu, anasema, "Ami, mbona kawaida tu?" Ukimwangalia adhuhuri, shati lake jeusi lina mistari myeupe ya chumvi kuanzia mabegani hadi kiunoni. Midomo imepasuka. Pua inatoka damu kidogo, na mkojo, akiupata, una rangi ya chai ya rangi. Ameshapoteza maji mengi, lakini kwa hesabu ya pwani hajatoka jasho, basi hana haja ya kunywa.

Wazee wa hapa hawahitaji daktari kuwaeleza jambo hili, kwa sababu wamekua na jahla. Ni mtungi wa udongo unaofinyangwa Bahla, upande wa magharibi wa Nizwa, ambao huning'inizwa mahali penye kivuli na upepo. Maji yanapenya udongo taratibu, yanakauka kwa nje, na yanayobaki ndani yanapoa. Hewa ikizidi ukavu, maji yanazidi ubaridi. Mwili nao unajipoza hivyohivyo, na kwa bei ileile: lazima maji yaondoke. Ila jahla unaona maji yanavyopungua.

Kuna jambo jingine ambalo wa pwani hawalitarajii, nalo ni feni. Kwetu pangaboi ni dawa ya kila kitu. Lakini ngozi ya mtu ni kama nyuzi 35, hewa ya Unguja ni ya chini ya hapo, ndiyo maana upepo unakupoza. Hewa ya nyuzi 46 ni ya moto kuliko wewe. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba ikipita 40 feni huzidi kuupasha mwili moto. Nimeingia vyumba vya wafanyakazi nikakuta kiyoyozi kimekufa na feni mbili zinawapulizia usoni, wenyewe wamelala wamevua mashati, wakiona wamejisaidia. Nawaambia wazime, walowanishe shuka, wajifunike. Wananicheka. Na ile tabia ya kuvua shati juani iacheni hukohuko Forodhani. Waarabu wa jangwani hawakuvaa kanzu pana na kilemba kwa urembo.

Sasa niseme habari ya maji, maana naona wengi hawataniamini. Nyumba za huku zina tangi la maji juu ya paa, na jua linalipiga tangu asubuhi. Ikifika saa nane mchana ukifungua bomba la maji ya baridi, unaunguza mkono. Kweli kabisa, huwezi kutawadha nayo. Kwa hiyo tunageuza mambo. Kuanzia Mei tunazima hita ya bafuni. Hita iko ndani ya nyumba yenye kiyoyozi, kwa hiyo maji yaliyolala mle yanapoa, na kwa muda wa miezi minne mtu akitaka maji ya baridi anafungua bomba lenye alama nyekundu. Mgeni lazima aelezwe. Mke wangu ameandika kwa kalamu juu ya kigae cha bafu la wageni, lakini bado kila mwaka kuna shemeji au binamu anayepiga ukelele mle ndani.

Kazi yangu yenyewe ina kichekesho chake. Anayewaletea watu ubaridi hukaa mahali pa moto kuliko wote. Mashine ya nje ya kiyoyozi huwekwa juu ya paa, kwenye saruji iliyochomwa na jua, na kazi yake ni kutupa joto la chumbani kwenye hewa ambayo tayari ni ya nyuzi 47. Vumbi likiziba mapezi yake, joto halina pa kutokea. Mgandamizo wa gesi unapanda, kompresa inavuta umeme mwingi, inajizima. Au kapasita inavimba, feni haizunguki tena. Haya yote hutokea saa ileile, baada ya adhuhuri, kwa wateja wote kwa mpigo. Simu yangu inaanza kulia saa saba. Spana na mabomba ya shaba hayashikiki kwa mkono mtupu, kwa hiyo vifaa vyangu nimevifunika kwa gunia bichi, ambalo baada ya robo saa limekauka kama karatasi.

Sheria ipo, na ni nzuri. Oman imekataza kuwafanyisha watu kazi juani, kwenye ujenzi na maeneo ya wazi, kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri, mwezi wa Juni, Julai na Agosti. Qatar wana ya kwao, kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, Juni Mosi hadi Septemba 15. Kwenye majengo makubwa naona inafuatwa, mashine za kukata vyuma zinanyamaza, watu wanalala kivulini. Lakini nani anakuja kukagua paa la nyumba ya mtu binafsi? Nani anakagua uani kwa mtu, ambako binti wa kazi kutoka Tanga au Kilifi anaosha gari saa nane? Mimi mwenyewe nimeamua kwamba saa hizo sipandi juu, hata mteja apige simu na kutaja cheo chake. Nimepoteza wateja. Kijana aliye chini ya kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini visa, hana uhuru huo wa kukataa.

Jumanne ya wiki hii nilikuwa na kijana wa Makunduchi, mgeni, hajamaliza wiki tangu ashuke Maskati. Mwajiri wake, ambaye sina haja ya kumtaja, aliniomba nimchukue nimfundishe kazi. Mtoto mzuri, mcheshi, anapenda mpira, tangu asubuhi alikuwa akinisimulia mechi hadi nikachoka. Tulikuwa paa la pili, hata saa tano haijafika, yaani saa halali kabisa kwa sheria. Nikaona amenyamaza. Nikamwomba bisibisi akanipa spana. Nikamwomba tena, akanitazama kama nimezungumza Kihindi, akanipa spana nyingine. Nikamuuliza yuko wapi, akasema Kibele, yaani kwetu Unguja.

Anayefanya kazi huku asikumbuke kingine chochote katika barua hii ila hilo: mtu akianza kuchanganyikiwa kwenye joto, hiyo si hali ya kumkalisha kivulini na kumpa soda. Ni hatari ya kufa, na kinachomwokoa ni kupozwa mwili mzima, mara moja, kwa maji mengi ya baridi, hata kabla gari la wagonjwa halijafika. Tangi la pale juu lingemchemsha. Tukamteremsha, mimi na mpishi wa nyumba ile, tukampeleka kwenye falaji, mfereji wa kumwagilia, lililopita nyuma ya shamba la mitende, tukamlaza ndani ya maji hadi shingoni huku nimemshika kichwa. Maji ya falaji yanatoka chini ya ardhi, na hata Julai yana ubaridi unaotosha. Baada ya hapo hospitali, dripu, usiku mmoja. Amepona, anacheka, amesharudi kwenye habari za mpira.

Nilipomuuliza aliambiwa nini kabla ya kusafiri, akanitajia adabu za nyumba ya Kiarabu, namna ya kutuma pesa, na kwamba Oman ni nchi ya viyoyozi kila pembe. La mwisho ni kweli, lakini mtu wa kuvitengeneza ni yeye.

Tatizo, bwana msomaji, si uvivu. Ni kalenda. Mwezi wa saba Unguja ni kusi, mchana nyuzi 28 au 29, watu wa Makunduchi wanajifunika shuka usiku. Kijana anapanda ndege jioni, saa chache baadaye yuko kwenye nyuzi 47, na keshokutwa yuko juu ya paa. Pepo zilezile za kusi zinazompoza kwao huendelea kupanda, zikapita Somalia, zikaifikia pwani ya Dhofar na kuipa Salalah ukungu na manyunyu ya khareef, msimu wao wa mvua. Tunaona magari ya familia yakipita hapa Adam mchana kutwa kuyafuata manyunyu hayo, yamefungwa magodoro juu. Sisi wa bara hatupati hata tone.

Mwili una uwezo wa kulizoea joto, tena vizuri. Unajifunza kutoka jasho mapema, jasho lenye chumvi kidogo, na moyo unatulia. Lakini unahitaji wiki moja hadi mbili za kuzoeshwa kidogo kidogo. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanashauri mfanyakazi mgeni apewe asilimia 20 tu ya kazi ya joto siku ya kwanza, na kuongezewa asilimia 20 kila siku, na wanasema wengi wa wanaokufa kwa joto kazini hufa katika siku za mwanzo. Wanashauri pia mtu anywe maji kama kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Waomani wa huku huongeza laban, yaani mtindi mwepesi, yenye chumvi na tende chache, na mimi sijaona kinywaji cha chupa kinachoishinda.

Ninachowaomba mawakala wanaoleta vijana, na wakubwa wanaowapa vibali, ni kitu kisichogharimu pesa. Wanaokuja kufanya kazi za nje, mafundi, watunza bustani, walinzi wa lango, madereva wa pikipiki za chakula, waleteni Novemba. Novemba Adam ni mahali pa kupendeza. Kijana atakuwa na miezi mitano au sita ya kujifunza kazi, lugha na mji, na joto litakapoanza kupanda Aprili litapanda naye, nyuzi baada ya nyuzi. Ikifika Julai atakuwa anawafundisha wengine.

Na kama visa imetoka mwezi wa saba na haingoji, basi mkataba utaje wiki mbili za mwanzo: kazi asubuhi tu, chini ya mwenzake mzoefu, na maji ya baridi yaliyo juu ya mwajiri. Wazazi msitie saini kabla hamjaiona ibara hiyo. Mwajiri mwenye akili atakubali, kwa sababu kumrudisha kijana mgonjwa na kumlipia tiketi mwingine kunamgharimu zaidi.

Fundi wa viyoyozi,
Adam, Oman