Pikapu Imeanza Kula Mafuta? Usianzie Kwenye Injini

Mteja anaegesha, anashuka, na kabla salamu hazijaisha anasema: "Fundi, hii gari siku hizi inakula mafuta balaa." Swali tunalomrudishia huwaudhi wengi: umejuaje?

Hatuulizi kwa ubishi. Wengi wamejua kwa kutazama mshale wa tangi, na mshale ni shahidi mbaya, kwa sababu boya la ndani ya tangi likichakaa husoma nusu mahali pa robo tatu. Wengine wameona hela ya mafuta imeisha mapema, wakasahau kwamba mwezi huo walikuwa kwenye foleni kila asubuhi. Injini inayounguruma gari likiwa limesimama hula lita 1 hadi 2 kwa saa, kutegemea ukubwa wake, na hujasogea hata hatua.

Kwa hiyo tunaomba kipimo kwanza. Jaza tangi mpaka bomba la kituoni lijikate lenyewe, andika kilomita. Endesha kama kawaida yako. Siku ya kujaza tena rudi kituo kilekile, ikiwezekana pampu ileile, jaza mpaka lijikate, kisha gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Umetembea 460, zimeingia lita 50: ni kilomita 9.2 kwa lita. Kipimo kimoja hakitoshi. Cha tatu ndicho tunachoanza kukiamini, na tunakilinganisha na safari za aina ileile, mji kwa mji, barabara kuu kwa barabara kuu.

Wapo waliofanya hivyo wakakuta gari halina tatizo lolote. Tunaowaandikia hapa ni wale ambao namba imeshuka kweli.

Tuanze na aliyebadilisha tairi, maana huyu huja na malalamiko ya haki nusu. Tuseme ulitoka 265/70R16 ukaweka 265/75R16. Kwa macho tofauti ni ndogo, lakini kipenyo kimeongezeka kwa karibu asilimia 3.4. Tairi kubwa hupiga mizunguko michache zaidi kwa safari ileile, na geji ya kilomita huhesabu mizunguko, haina habari na barabara. Safari iliyokuwa ikisomeka kilomita 500 sasa itasomeka 484 hivi. Kilomita 16 zimepotea kwenye karatasi kabla tone moja la ziada halijaungua. Halafu matone ya ziada nayo yapo, kwa sababu tairi za matope zenye meno makubwa ni nzito na zinakokota kwenye lami. Mngurumo ule unaousikia ukitembea kasi ni mafuta yako yanageuka kelele.

Tairi ambazo hazikubadilishwa nazo zina lao. Upepo hupungua wenyewe, PSI 1 (kizio cha kupimia upepo wa tairi) au zaidi kwa mwezi, bila pancha. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila PSI 1 inayopungua kwa wastani kwenye tairi zote hula karibu asilimia 0.2 ya mafuta. Ni kidogo mpaka ukute zimeshuka kwa 10, na pikapu hufika huko bila mwenyewe kujua, kwa sababu kuta za tairi zake ni ngumu na hazibonyei haraka kama za gari dogo. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, na kwa pikapu nyingi zipo namba mbili, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Isomeni.

Sasa breki, na hapa naomba subira, kwa sababu ndipo tunapokuta mafuta mengi yaliyopotea bila mtu kushuku.

Hivi karibuni tulipokea pikapu ya milango minne, ya dizeli. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba nozeli zote, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini, zimekufa na zibadilishwe. Fundi wetu hakugusa nozeli. Aliitoa nje, akaiendesha kama dakika kumi kwenye barabara tambarare akiwa hakanyagi breki, anaiachia ipunguze mwendo yenyewe. Aliporudi akapita na kipimajoto cha mwanga mbele ya kila ringi. Magurudumu matatu yalisoma kati ya nyuzi 45 na 50. La nne, mbele kushoto, lilisoma 130. Tukaliinua kwa jeki na kulizungusha kwa mkono: nusu mzunguko, likasimama kama limeshikwa. Ndani, pini moja ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki, ilikuwa imeganda kwa kutu, mpira wake wa kuzuia vumbi umechanika zamani. Pedi moja imelika mpaka karibu na chuma, mwenzake bado nene kama mpya. Mwezi mzima gari lilikuwa linatembea huku limekanyagiwa breki gurudumu moja, na injini inalipa. Nozeli zilipimwa kwa ajili ya kumtuliza mwenye gari tu, zikakutwa hazina neno.

Unaweza kujipima bila chombo. Baada ya safari fupi isiyo na breki nyingi, sogeza kiganja karibu na ringi bila kuigusa, gurudumu kwa gurudumu. Lenye joto la pekee ndilo. Likiwa la nyuma, shuku kwanza waya wa hendibreki ambao umeshika kutu kwenye ganda lake na haurudi wote ukiuachia.

Jambo la pili ambalo hatuachi kulisema: themostati. Ni kifaa kidogo kinachozuia maji yasizunguke kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, na magari mengi hufanya kazi vizuri maji yakiwa nyuzi 85 hadi 95. Gari likichemsha, mafundi wengine huing'oa kabisa na kusema wametibu. Hawajatibu. Wameficha ugonjwa mmoja na kuleta mwingine, kwa sababu sasa injini haipati joto hasa ikiwa kwenye mwendo. Kompyuta inasoma maji nyuzi 60, inadhani umeliwasha sasa hivi, na kwenye gari la petroli inaendelea kumwaga mafuta ya kuamshia injini. Oili nayo inabaki nzito, na giaboksi ya otomatiki huchelewa kufunga gia zake za kupunguza mzunguko. Ipo pia themostati ambayo haikung'olewa ila imekwama ikiwa wazi, na matokeo ni yaleyale. Dalili yake ni mshale wa joto usiofika mahali pake pa siku zote, au unaofika ukiwa kwenye foleni na kushuka ukishika mwendo. Watu huuona wakafurahi kwamba gari lao halichemki.

Kuhusu filta ya hewa nitawashangaza kidogo, maana ndiyo ya kwanza kutajwa kila mahali. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilijaribu jambo hili mwaka 2009 kwa magari ya petroli yenye kompyuta. Ilipoziba filta, ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni nguvu ya kuchanganya, yaani kuongeza kasi. Kompyuta hupima hewa inayoingia na kupunguza mafuta ili yaendane nayo. Badilisha filta kwa ajili ya nguvu na kuilinda injini na vumbi, lakini usitarajie ikurudishie kilomita zako. Kwenye dizeli yenye turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, filta ikiziba hasa utaona moshi mweusi mlimani, na hapo haina mjadala.

Lililo baya zaidi ni filta ya pamba iliyolowekwa oili kupita kiasi. Oili hiyo husafiri na kupaka waya mwembamba wa sensa ya hewa. Waya ukichafuka unasema uongo, na kompyuta inaufuata uongo huo. Kuusafisha kwa dawa yake ni kazi ya dakika chache. Sensa ya oksijeni ya kwenye ekzosi nayo huzeeka taratibu. Haifi ghafla, inakuwa mzembe, na taa ya injini inaweza kuchelewa kuwaka. Ikiharibika kabisa hasara yake ni kubwa kuliko vitu vingi nilivyotaja, kwa hiyo taa ikiwaka usiizibe kwa stika. Tumeziona stika hizo.

Kwa wenye dizeli, nozeli na pampu zina zamu yao, sikatai. Nozeli iliyochoka hudondosha matone mahali pa kupuliza ukungu, injini inagonga asubuhi, moshi unaongezeka. Tunazipima kwa kuangalia mafuta yanayorudi kutoka kila moja, chupa nne ubavuni, na inayojaza chupa yake mapema inajitaja yenyewe. Lakini kabla ya hapo tunakagua mipira mikubwa ya turbo. Mpasuko wa urefu wa ukucha, mahali ambapo mpira unasugua chuma, unatosha kuvujisha hewa nyingi iliyogandamizwa. Utasikia mluzi ukikanyaga mafuta, kisha utaona weusi nyuma. Na kama pikapu yako ina chujio la masizi kwenye ekzosi na safari zako ni fupifupi, jua kwamba inachoma mafuta ya ziada kila inapojisafisha, na safari fupi haziipi nafasi ya kumaliza kazi hiyo, kwa hiyo huanza upya mara kwa mara.

Injini yenyewe kuchakaa? Huja mwisho. Tumepima injini zilizopita kilomita 300,000 na mgandamizo bado uko ndani ya kipimo. Siri yao haikuwa siri, ni oili kwa wakati na oili ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu. Anayeweka nzito kuliko hiyo kwa imani kwamba "inalinda" anapoteza asilimia 1 au 2 hivi kila siku anayowasha gari.

Kisha kuna vile ambavyo pikapu huvivaa kadiri inavyozeeka: bampa la chuma, winchi, kerea juu ya kebini, sanduku la spana ambalo halishuki, mchanga wa kazi ya mwaka jana pembezoni mwa bodi. Kilo 45 za ziada hula karibu asilimia 1, na kwa barabara kuu kerea iliyosheheni ni mbaya zaidi ya uzito wake kwa sababu ya upepo. Ukiwa na fo-wili, hakikisha umeitoa unapofika lami. Wako wanaosahau kufungulia habu za mbele kwa miezi.

Na lile lango la nyuma, liache limefungwa. Wapo wanaoliangusha ili upepo upite. Likiwa limefungwa, hewa huzunguka palepale ndani ya bodi kama mto, na upepo wa juu ya kebini huteleza juu yake. Ukiliangusha mto huo unavurugika na gari linaanza kuvutwa nyuma.

Ukileta gari kwetu kwa shida hii, njoo na vile vipimo vitatu vya kujaza tangi, ukubwa wa tairi za zamani kama ulibadilisha, na orodha ya kilichofanyiwa kazi karibu na siku tatizo lilipoanza. Tutaanza kwa kuliendesha, halafu joto la magurudumu, halafu joto la maji, halafu mashine ya kusoma sensa. Boneti linafunguliwa baada ya hapo. Na usioshe ringi asubuhi hiyo, vumbi la pedi lililozidi kwenye gurudumu moja linatuonyesha mengi.